Namba ya Siri ya Kompyuta ya Wakfu

Nataka nianze na lile neno la uongo, nisije nikalizungukazunguka hadi nikalipita, maana hiyo ndiyo tabia yangu. Neno lenyewe ni hili: "Mimi nilimsafishia feni tu." Nililisema mchana kweupe, kwenye baraza ya msikiti, Mambrui, watu wametoka kusali alasiri. Mtu niliyemsema alikuwa kasimama karibu nami hata nikisikia pumzi zake. Maneno manne. Wala sikukohoa.

Mimi si msomi. Chuoni kwa Kurani nilifika nilipofika, na shule niliacha darasa la tatu, mwalimu akimwambia mamangu kwamba kichwa changu ni kizuri kwa kubebea madafu. Lakini mikono yangu ilikuwa na akili. Nilianza na cherehani za mafundi nguo wa Malindi, nikapanda kwenye redio, nikapanda kwenye kaseti na televisheni, nikaishia kwenye kompyuta. Mashine zote hizo hapa kwetu hufa kwa maradhi mamoja tu, chumvi. Upepo wa bahari huingia kwenye chuma kama mgeni asiyepiga hodi. Ukiwa wajua kusugua chumvi, wewe ni fundi, hata kama jina lako wapata taabu kuliandika.

Kompyuta nilifundishwa Mombasa na fundi mmoja ambaye sitamsahau, kwa sababu alikuwa akifanya kazi na skrubu midomoni. Skrubu nne, tano, zimepangwa kwenye mdomo wa chini kama meno ya ziada. Kila alilokufundisha ulilisikia nusu. Siku moja akanionyesha ukurasa wa buluu.

Nieleze, maana hapa ndipo lilipozaliwa kosa. Hizo kompyuta za zamani, zile za sanduku, nzito kama gunia la mchele, zina stika nyuma, na kwenye stika pana namba. Hiyo kila mtu aiona. Lakini ndani, juu ya ule ubao mkubwa tunaouita bodi, pana kidude cheusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kina miguu minane kama buibui. Humo ndimo kiwandani walimoandika jina la walioitengeneza, aina yake, na namba ile ile ya kwenye stika. Kando yake pana betri ya duara kama kifungo cha koti. Watu hudhani betri hiyo ikifa kompyuta husahau yote. Sivyo. Husahau saa na tarehe tu. Ukiiwasha yakwambia ni mwaka ambao wewe hata ndevu hukuwa nazo. Lakini namba yake haisahau. Yaweza kukaa stoo miaka, betri imeoza, panya wamezaa ndani, ukiipa umeme na kubonyeza kitufe chake mapema kabla haijaamka vyema, yakufungulia ukurasa wa buluu, na namba i pale pale.

Fundi wangu akaniambia, na skrubu zake midomoni, kwamba hiyo yaitwa "siriali namba". Mimi nikasikia "siri". Namba ya siri. Nikaona jina limekaa mahali pake: siri ya chuma, imefichwa tumboni, haionekani ila kwa anayejua mlango. Nikarudi nayo Malindi kama mtu aliyerudi na dawa.

Basi ikatokea kwamba mtu mmoja mwema, aliyekaa sana ng'ambo, aliiletea madrasa ya Mambrui kompyuta kumi, zote za aina moja, akaziweka wakfu. Na mali ya wakfu si mchezo. Ni kitu kilichokwisha kukabidhiwa Mungu. Hakiuzwi, hakipewi mtu, hakirithiwi. Mwalimu wa madrasa akaniita niziangalie. Huyu mwalimu kwa umri ningeweza kumzaa, mpole, mwenye Kurani yote kifuani, na kila akiniona hunitangulia kwa shikamoo, nami najiona mtu.

Nikaziwasha moja moja. Mimi nasoma kwa kidole, yeye aandika daftarini, stika kwa namba ya ndani, mpaka zote kumi.

"Ami," akasema, "kumbe hata chuma kina siri yake?"

"Mwalimu wangu, stika yabanduka. Mwanadamu atakudanganya. Namba ya siri haidanganyi."

Akacheka kwa furaha kama mtu aliyepewa methali mpya. Nami nikaifanya methali kweli. Nikaisema kwenye kahawa, nikaisema harusini, hata siku moja nikaisema matangani, mke wangu akanifinya.

Sasa aingie huyo mtu niliyemsema. Alikuwa mpiga chapa. Asili yake Ganze, kule ambako mtu huamka kwenda kupanga mitungi kisimani kabla hajanawa uso, lakini alikuwa amehamia Kakuyuni, na kazi yake ilikuwa kuwaandikia watu barua kwa kompyuta: barua za kwa chifu, za shule, za kuomba kazi, karatasi za mazishi. Kompyuta yake ilikuwa ya aina ile ile ya zile za madrasa. Bodi ikafa. Sisimizi walijenga ndani wakaiunguza, wao nayo. Akaniletea Malindi.

Nikaifungua, nikaanza darasa langu mbele ya wateja wengine, namba ya siri hivi, namba ya siri vile. Yeye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole:

"Mutumia," maana ndivyo kwao humwita mtu mzima, "si siri hiyo. Ni siriali. Kizungu hicho. Maana yake ni namba ya mfululizo, moja baada ya nyingine. Kama mitungi kwenye foleni ya maji."

"Wewe wanifundisha kazi yangu?"

"Kazi sikufundishi. Nakufundisha neno."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi leo kapata fundi wake!" Nami nikacheka nao. Lakini liliniingia. Nisingependa kusema kwamba nilimchukia kwa neno moja. Ila nimejiuliza mara nyingi: siku ile barazani, lau mtu mwenyewe angekuwa hajanisahihisha mbele ya watu, ulimi wangu ungepinda vile? Sijui. Labda ungepinda tu.

Wakati huo kwangu kulikuwa na kompyuta moja ya madrasa. Ilikuwa imeungua kisanduku cha umeme, basi. Bodi yake nzima, safi, haina hata kutu. Na bodi ya namna ile haikuwa ikipatikana Malindi, na Mombasa lazima mtu uende, utafute, usubiri. Nikaitazama bodi ya wakfu. Nikajiambia, naiazima. Nikipata nyingine naurudisha mfupa mahali pake, nani atajua? Nikaing'oa, nikaitia kwenye sanduku la mpiga chapa. Nikamwambia nimeipata Mombasa kwa taabu. Akanilipa, na wiki ya pili akaniletea kuku.

Yule kuku nilimla. Mke wangu alimpika kwa nazi.

Sanduku tupu la madrasa nikalifunga skrubu zote, nikalirudisha. "Mwalimu, hii imekufa. Iwekeni stoo, vipuri vyake twavitafuta." Akasema, "Mungu akujazi heri, Ami." Nikaitikia amin. Mombasa sikwenda. Mwezi ule nilikuwa na shughuli, mwezi wa pili nikasahau, na wa tatu nikawa nakumbuka nikifanya kusudi kusahau.

Fundi mwenye adabu akibadilisha bodi huiandika upya, aifute ile namba ya zamani na kuitia ya sanduku jipya. Kuna programu yake ya kazi hiyo. Mimi sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo ni Kizungu tupu. Kwa hiyo bodi ile ikakaa Kakuyuni, ndani ya sanduku la mpiga chapa, kila siku ikiandika barua za watu, na tumboni bado imeandikwa kwamba ni ya Mambrui.

Ukapita kama mwaka na nusu. Siku za Maulidi, watu wote wako kwenye maandamano ya zefe na mashairi, mtu akavunja dirisha la stoo ya madrasa. Kompyuta mbili zikaenda. Moja nzima. Ya pili ni lile sanduku langu tupu.

Sasa sikilizeni nilivyo. Habari iliponifikia, nilifurahi. Watu wamevunjiwa nyumba ya elimu, mwalimu amekaa kitako sakafuni kashika kichwa, na mimi ndani ya moyo nasema alhamdulillahi, dhambi yangu imebebwa na mwizi mwingine. Nikaenda kumpa pole kwa sauti ya majonzi. Nadhani hata machozi yalinitoka.

Baadaye kidogo mpiga chapa akahamia Mambrui. Aliona huko hakuna wa kazi yake. Akaweka meza kando ya barabara, karibu na duka la nafaka, akavuta umeme kwa mwenye duka. Watu wakampenda, maana alikuwa hakuandikii tu, alikuwa akikunyooshea na maneno. Kisha ile betri ya kifungo ikafa. Barua za watu zikaanza kutoka na tarehe za miaka ya nyuma. Bibi mmoja aliandikiwa barua ya kudai hati ya shamba, ikaonyesha imeandikwa kabla ya shamba lenyewe kununuliwa. Mtaa mzima ukacheka. Mpiga chapa akanitafuta, mimi siku hiyo niko Malindi. Akamwendea mwalimu wa madrasa, kwa kuwa aliambiwa naye ajua kidogo.

Alijua kwa sababu nilimfundisha mimi. Akaiwasha, akabonyeza kitufe, ukurasa wa buluu ukafunguka ili arekebishe tarehe. Na macho ya mwalimu yakateremka mstari mmoja chini. Mtu aliyehifadhi Kurani nzima, namba ya tarakimu chache haimpiti. Akanyamaza, akaenda ndani, akarudi na daftari.

Niliitwa kwa simu nikaja, sijui naitiwa nini. Nilipoiona kompyuta imewekwa juu ya baraza ya msikiti, waya umepitishwa dirishani, watu wameizunguka, nilijua.

"Shikamoo, Ami," mwalimu akasema. Sauti haikuwa ya kawaida. "Tusaidie. Wewe ndiwe mwenye elimu hii. Hii kompyuta ni ya nani?"

Nikabonyeza. Namba ikatoka. Mwalimu akaisoma daftarini, mimi nikaifuata kwa kidole kwenye kioo. Hakuna hata moja iliyokosana.

"Na hii stika?" mtu akauliza. "Mbona stika ni nyingine?"

"Stika yabanduka!" wakajibu watatu wanne kwa pamoja. "Fundi mwenyewe kasema! Namba ya siri haidanganyi!"

Mpiga chapa hakuwa na hofu. Hilo ndilo linaloniuma. Alisimama kama mtu aliyekuja na shahidi wake. "Ndugu zangu, mimi bodi nilibadilishiwa. Aliyenibadilishia ni huyu. Fundi, si wewe? Si ulisema umeitoa Mombasa? Waambie."

Watu wetu, Mungu atusamehe, tuna ulimi kwa mtu atokaye bara. Nilikuwa nimesikia tayari kando yangu, "Wa Ganze hawa, nilijua tu." Ningeweza kuwanyamazisha wote kwa neno moja. Lakini ningelisema, swali linalofuata lingekuwa, na Mombasa uliitoa kwa nani? Na mwalimu alikuwa ananitazama kwa macho ya mtoto anayemwamini babake.

Nikasema: "Mimi nilimsafishia feni tu."

Mpiga chapa alinigeukia. Nilitegemea apige kelele. Akasema polepole, "Feni?" Kama vile neno hilo ndilo alikuwa hajapata kulisikia. Hawakumpiga, namshukuru Mungu, na mwalimu alikataa aitwe polisi. Waliichukua kompyuta tu. Akakunja kiti chake, akajitwika meza kichwani, akashika njia ya Kakuyuni, na nyuma yake watu wakimwimbia mwizi, mwizi, kwa sauti ya mzaha ambayo ni mbaya kuliko ya hasira.

Mimi nilikirimiwa kahawa. Niliinywa.

Pengine ningekufa nayo siri hiyo. Lakini kompyuta ya pili haikuonekana, na wazee wa Mambrui wakaamua isomwe halbadiri. Asiyeijua, hiyo ni dua nzito ya kumshitakia Mungu mwizi asiyejulikana. Watu hukaa duara, ubani ukafuka, yakasomwa majina ya mashujaa wa Badri, na twaamini tangu utotoni kwamba mwenye kosa hatasalimika. Atafura tumbo, atapooza, ataropoka siri yake sokoni. Na safari hii wakasema watasomea aliyeiba, na aliyejua akaficha. Nami, kwa kuwa ni mtu mzima na shahidi mkubwa, nikaombwa nilete ubani na nikae mstari wa mbele nikiitikia amin.

Nikaenda nyumbani nikalala. Nikamwambia mke wangu nina homa.

Akanigusa kipaji cha uso. "Homa gani hii? Baridi kama mtungi."

"Ni tumbo, basi."

"Tumbo lakuuma tangu ilipotajwa halbadiri. Umekula nini cha watu?"

Nikageukia ukutani. Naye akakaa ukingoni mwa kitanda, hakuondoka, akamenya vitunguu vyake pale pale juu yangu mpaka macho yakaniwasha, nikamwambia yote. Aliponisikia hadi mwisho akauliza jambo moja tu: "Na yule kuku?" Nikamjibu ndiyo, ni wake. Akatoka.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mwalimu. Nisijipambe: sikwenda kwa ajili ya mpiga chapa. Nilikwenda kwa ajili ya tumbo langu. Nilimkuta peke yake anafagia chumba cha madrasa, nikamweleza nimesimama.

Aliendelea kufagia kidogo. Kisha akasema, "Lakini Ami, ulisema haidanganyi."

"Haikudanganya. Yasema bodi hii ni ya wapi. Haijui nani aliyeing'oa. Hilo halimo mle ndani."

"Hukuniambia hivyo. Uliniambia haidanganyi, ukanyamaza." Akauegemeza ufagio ukutani. "Nimemwita mtu mwizi kwa ulimi huu. Kwa elimu yako."

Siku hiyo nilipoondoka hakunipa mkono. Halbadiri aliiahirisha, hakusema kwa nini.

Tukaipeleka kompyuta Kakuyuni sisi wawili. Mpiga chapa alikuwa analima mahindi nyuma ya nyumba. Akatukaribisha kwa adabu, akatutolea viti, akatupa maji. Mwalimu aliomba radhi yake kwanza. Mimi nikafuata, nikasema niliyosema, nusu nikimwambia yeye nusu nikikiambia kikombe.

"Kompyuta yako hii hapa," nikamaliza.

"Sanduku ndilo langu," akasema. "Ndani ni mali ya wakfu. Mimi si wa dini yenu, lakini kitu cha Mungu nakijua. Itoe."

"Niitoe sasa?"

"Una bisibisi?"

Nilikuwa nayo. Nikaifungua uani kwake, kuku wakipita katikati ya miguu, nikaing'oa ile bodi, nikamkabidhi mwalimu mikononi. Mikono yangu yenye akili ikaangusha skrubu mbili mchangani, na mpiga chapa akainama kunitafutia.

"Nitakwenda Mombasa," nikamwambia. "Wallahi, wiki hii hii, nitakuletea nyingine."

"Utaniletea ya nani?"

Mwalimu akatazama chini.

"Basi mwanangu, nifanye nini? Nimekwisha kumwambia Mwalimu yote. Nimekwisha kukwambia wewe."

"Chumbani," akasema. "Umesema chumbani, na hapa uani kwangu. Mimi sikuitwa mwizi chumbani, mutumia. Niliitwa barazani."

Ijumaa ile nilisali nyuma kabisa, karibu na viatu. Imamu alipotoa salamu nilitamani sala ingekuwa na rakaa mia. Watu wakatoka, wakakaa kwenye baraza kama kawaida, mwalimu akaomba wangoje kidogo, fundi ana neno. Nikasimama pale pale niliposimama siku ile. Ng'ambo ya barabara nikamwona mpiga chapa, amevaa shati lake la kazi, ameegemea ukuta wa duka la nafaka. Hakuniambia kwamba atakuja.

Nikasema. Bodi niliing'oa mimi, ya wakfu. Nikamtilia mtu bila yeye kujua. Nikamsingizia. Sauti yangu, ambayo harusini yafika mpaka jikoni, ilinisaliti. Niliisikia mwenyewe ikizama kifuani. Baraza ikaguna. Mzee mmoja rafiki yangu akanivuta kanzu, akacheka kidogo, "Yakhe, wamwonea huruma tu yule. Siri si imetoka kwenye kioo? Sote tumeiona." Wawili watatu wakaitikia kwa kichwa. Niliwafundisha vizuri mno. Waliamini chuma, mimi hawakuniamini.

"Si siri," nikasema. "Ni siriali. Namba ya foleni tu. Haijui mwizi."

Sijui wangapi walielewa. Wengine walikwisha kuanza kuvaa viatu. Ndipo mpiga chapa akavuka barabara, akaja mpaka ukingoni mwa baraza, hakupanda. Akaniamkia kwanza, shikamoo, nikaitikia marahaba na uso unaniwaka.

"Rudia," akasema. "Wa nyuma hawakusikia."

Nikarudia.